Kusoma Historia, Siasa na Uchumi wa Ulaya Chuo Kikuu: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Wiki ya kwanza ya semina mhadhiri aliingia, akaandika ubaoni tarehe moja tu, 16 Septemba 1992, kisha akageuka na kuuliza: "Nini kilitokea?" Aliyetoka idara ya uchumi akasema pauni ya Uingereza iliporomoka. Wa siasa akasema siku ile chama cha Conservative kilipoteza sifa ya kujua kutunza hela. Wa historia akaanzia mbali, kwenye Ukuta wa Berlin, akakatishwa kabla hajafika. Mimi, mtoto wa kombi ya HGE (historia, jiografia na uchumi) niliyejiona nimekamilika, sikujua hata wanazungumzia nini.

Wote watatu walikuwa sahihi, na kila mmoja peke yake angekwenda na supu, yaani mtihani wa marudio. Kozi hii inachanganya masomo matatu kwa makusudi. Wanaoshindwa mara nyingi si wavivu, ni wale wanaopiga msuli kwenye madaftari matatu yasiyojuana. Hatua zilizo hapa chini ndizo ningependa kupewa kabla ya muhula wa kwanza.

Hatua ya 1: Jua unaingia kozi ya aina gani

Majina ya kozi hudanganya. Ipo ile ya falsafa, siasa na uchumi, ambayo Oxford waliianzisha mwaka 1920 na vyuo vingi vikaiiga. Humo Ulaya ni mfano tu kati ya mifano. Zipo kozi za taaluma za Ulaya, ambazo Umoja wa Ulaya ndio moyo wake. Halafu kuna shahada za kawaida za historia au uchumi ambamo unachagua Ulaya kama eneo la kubobea.

Usisome maneno matamu ya ukurasa wa mbele. Fungua orodha ya masomo ya lazima na uhesabu krediti. Kwa mfumo wa Ulaya mwaka mzima ni krediti 60. Kama kati ya hizo uchumi una 5 tu, hiyo ni kozi ya siasa iliyovaa koti la uchumi. Ukikuta takwimu na ekonometriki (kupima uchumi kwa takwimu) ni za lazima, jiulize mapema hesabu uliiacha kidato cha ngapi.

Kwa shahada ya uzamili, jina linalotajwa kuliko yote ni College of Europe ya Bruges, Ubelgiji, iliyoanza 1949 na sasa ina tawi Natolin, Warsaw. Hapo Kiingereza na Kifaransa vyote ni lugha za kazi. Udaktari una kituo chake mahususi, European University Institute, kwenye vilima vya Fiesole juu ya Florence, kilichopokea watafiti wa kwanza 1976. Mwombaji kutoka kwetu asiye na mfuko mnene aanze na Erasmus Mundus, mpango wa uzamili unaofadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Unasoma nchi mbili au zaidi, na anayepata ufadhili hupewa euro 1,400 kwa mwezi. Madirisha mengi ya maombi hufunguliwa kati ya Oktoba na Januari, kwa hiyo anayeamka Machi amechelewa. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, ila jimbo la Baden-Württemberg hutoza wasio raia wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. "Bure" hiyo nayo ina mlango: ili upate viza unaonyesha akaunti iliyozuiwa (pesa ya kujikimu unayoiweka mapema na kuitoa kidogokidogo kila mwezi), na tangu Septemba 2024 kiwango chake kimekuwa euro 11,904 kwa mwaka. Hakikisha kiwango cha mwaka wako kabla hujauza shamba la mtu.

Hatua ya 2: Chora uti wa mgongo wa tarehe

Sekondari ilitupitisha kwenye mapinduzi ya viwanda, Napoleon na vita viwili, kisha kengele ikalia mwaka 1945. Chuo kinaanzia hapo. Kwa hiyo geuza mpangilio: jifunze kwanza kuanzia 1945 hadi leo, halafu rudi nyuma kutafuta mizizi.

Chukua karatasi moja, usizidishe. Andika: 1948 msaada wa Marshall (fedha za Marekani za kuijenga upya Ulaya), 9 Mei 1950 tamko la Schuman (waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa), 1951 Jumuiya ya Makaa ya Mawe na Chuma, nchi sita, 25 Machi 1957 mikataba ya Roma (iliyozaa Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya), 1963 na 1967 de Gaulle, rais wa Ufaransa, anaikatalia Uingereza kujiunga, 1973 Uingereza, Ireland na Denmark zinaingia, 1989 ukuta unaanguka, 1992 Maastricht (mkataba uliozaa Umoja wa Ulaya), 1999 euro inaanza kwenye mahesabu ya benki na 2002 mifukoni mwa watu, 2004 nchi kumi zinaingia kwa mkupuo, 2010 Ugiriki inakopeshwa, 2016 Waingereza wanapiga kura ya kutoka, 51.9% kwa 48.1%, na 31 Januari 2020 wanatoka kweli.

Karatasi hiyo ibandike juu ya meza. Tarehe za zamani zaidi, 1648, 1815, 1848, zitajiongeza zenyewe kila mhadhiri anapozitaja.

Hatua ya 3: Maliza suala la mabaraza mara moja

Hapa Kiswahili chenyewe kinatutega, maana kwenye habari utasikia "Baraza la Ulaya" na usijue ni lipi. Yako matatu. La kwanza ni Baraza la Ulaya lenyewe, lililoanza 1949, makao yake Strasbourg, lenye wanachama 46, ambalo *si* chombo cha Umoja wa Ulaya hata kidogo. Mahakama ya haki za binadamu ni ya kwake. La pili ni baraza la wakuu wa nchi na serikali za Umoja wa Ulaya. La tatu ni Baraza la Mawaziri, linalotunga sheria pamoja na Bunge. Ili mkanganyiko ukamilike, la kwanza na Umoja wa Ulaya wanatumia bendera ileile ya nyota 12. Kwenye daftari langu niliyaita "la haki", "la wakubwa" na "la mawaziri", na sikuyachanganya tena.

Mahakama nazo usizichanganye: ya haki za binadamu iko Strasbourg, ya Umoja wa Ulaya iko Luxembourg.

Baada ya majina, jifunze hesabu ya kura, kwa sababu humo ndimo siasa ilimo. Katika Baraza la Mawaziri mambo mengi hupita kwa wingi maalumu: angalau nchi 15 kati ya 27, na nchi hizo ziwe na angalau 65% ya watu wa Umoja mzima. Sasa chukua kalamu. Ujerumani, Ufaransa na Italia kwa pamoja zina karibu nusu ya watu wote. Je, zikigoma zinaweza kuzuia sheria? Haziwezi, kwa sababu wanaozuia lazima wawe nchi zisizopungua nne. Lazima wamtafute wa nne, na akipatikana hata Malta inatosha. Ukielewa kwa nini kanuni hiyo iliwekwa, umeelewa hofu ya wadogo kumezwa na wakubwa kuliko ambavyo kurasa 40 za nadharia zingekueleza. Kodi na mambo mengi ya nje bado yanataka kila nchi ikubali, na hapo mwenye kura turufu anauza kura yake kwa bei.

Hatua ya 4: Uchumi kwa aliyeikimbia hesabu

Huhitaji kuwa mchumi. Unahitaji vitu vinne viwe kichwani kama namba yako ya simu: riba inafanya nini, thamani ya sarafu inapandaje na kushukaje, nakisi ya bajeti (pengo la mwaka mmoja) ni tofauti na deni la taifa (limbikizo la miaka yote), na urari wa malipo wa nchi unasomwaje. Mtu anayeandika "deni la 3%" akimaanisha nakisi hujulikana mara moja. Vigezo vya Maastricht, masharti ya kuingia kwenye euro, vinasema nakisi isizidi 3% ya pato la taifa na deni lisizidi 60%.

Ongeza ngazi za mchumi Béla Balassa za mwaka 1961, za jinsi nchi zinavyoungana kiuchumi: eneo la biashara huria, umoja wa forodha, soko la pamoja, umoja wa kiuchumi, kisha muungano kamili. Hapa mwanafunzi wa Afrika Mashariki ana mtaji ambao wenzake hawana. Jumuiya yetu imepanda ngazi hizohizo: umoja wa forodha 2005, soko la pamoja 2010, itifaki ya sarafu moja 2013. Tena tunayo kumbukumbu ya jumuiya iliyovunjika, mwaka 1977. Uliza kwenye semina kwa nini sarafu moja iliwezekana kwao na huku bado ni karatasi, uone darasa litakavyoamka.

Hatua ya 5: Tukio moja, safu tatu

Hii ndiyo hatua yenyewe. Nyingine zinaizunguka tu. Gawa ukurasa wa daftari safu tatu: *wanakumbuka nini, nani anaamua, nani analipa*. Historia, siasa, uchumi. Kisha weka tukio juu. Nitalifanya lile la ubaoni.

Oktoba 1990 Uingereza iliifunga pauni yake kwenye mfumo wa viwango vya ubadilishaji wa Ulaya, kwa alama 2.95 za Ujerumani (mark, sarafu yao ya wakati huo) kwa pauni moja, ikiruhusiwa kupanda au kushuka kwa 6%. Yaani sakafu yake ilikuwa kama alama 2.78. Wiki hizohizo Ujerumani mbili ziliungana.

Safu ya uchumi: Ujerumani ilimwaga fedha nyingi upande wa mashariki, na mishahara ya huko ilikuwa imebadilishwa moja kwa moja, alama kwa alama. Bei zikaanza kupanda. Bundesbank, benki kuu ya Ujerumani, ikapandisha riba. Julai 1992 riba yake ya punguzo (mojawapo ya riba inazozitoza benki) ilifika 8.75%. Nchi zilizojifunga kwenye alama zikalazimika kupandisha riba pia. Uingereza ilikuwa kwenye mdororo na ilitaka riba ishuke. Huwezi kuwa na vyote vitatu kwa pamoja: kiwango cha sarafu kisichobadilika, mitaji inayoingia na kutoka itakavyo, na riba unayojipangia mwenyewe. Walanguzi wa sarafu waliliona hilo, wakauza pauni wasizokuwa nazo.

Safu ya siasa: tarehe 2 Juni Wadenmark walikuwa wameukataa mkataba wa Maastricht kwa kura ya maoni, na Wafaransa walikuwa wapige yao 20 Septemba. Kila mtu sokoni akajiuliza kama sarafu moja itazaliwa kweli. John Major, waziri mkuu wa Uingereza, alikuwa ameshinda uchaguzi Aprili, akiwa ameifanya pauni iliyofungwa kuwa nguzo ya sera yake, kwa hiyo kuifungua mapema kungekuwa kujivua nguo hadharani.

Safu ya historia: kwa nini Bundesbank haikuwaonea huruma majirani? Kwa sababu Novemba 1923 dola moja ilinunuliwa kwa alama trilioni 4.2, na benki hiyo ilijengwa baada ya vita ikiwa na agizo moja moyoni: jambo lile lisirudi. Kwa Mjerumani wa kizazi kile, bei inayopanda haikuwa suala la kitabu cha uchumi.

Sasa unganisha. Asubuhi ya 16 Septemba riba ya Uingereza ilipandishwa kutoka 10% hadi 12%, mchana ikatangazwa 15%, na jioni waziri wa fedha, Norman Lamont, akatoka nje mbele ya kamera kusema pauni imetoka kwenye mfumo. Italia nayo ikafungua lira yake. Wakati euro inazaliwa, Uingereza ilikuwa imeshaumwa na nyoka na ikabaki nje. Conservative nao wakashindwa vibaya uchaguzi wa 1997.

Fanya zoezi hili kila wiki kwa tukio moja: Ugiriki 2010, kiti kitupu cha de Gaulle 1965 (Ufaransa iligoma kuhudhuria vikao), upanuzi wa 2004. Safu moja ikibaki nyeupe, hiyo ndiyo safu ya kwenda nayo maktaba.

Hatua ya 6: Soma chanzo chenyewe, si maelezo ya chanzo

Tamko la Schuman ni fupi, unalimaliza kabla chai haijapoa. Hata hivyo wengi humaliza shahada wakilijua kwa muhtasari tu, na muhtasari husema "amani kati ya Ufaransa na Ujerumani". Mimi nilipolisoma lenyewe nilikutana na sentensi inayosema kwamba Ulaya, ikipata nyenzo zaidi, itaweza kuendeleza mojawapo ya kazi zake za msingi: maendeleo ya bara la Afrika. Mwaka 1950! Hakuna aliyekuwa amenitajia.

Kutoka hapo nilifungua mkataba wa Roma wa 1957 na kukuta makoloni yamo, yameunganishwa kama maeneo ya ng'ambo. Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi zimo. Tanganyika, Kenya na Uganda hazimo, kwa sababu Mwingereza alikuwa bado hajajiunga. Ndiyo maana nchi zetu tatu zilikuja kujadiliana zenyewe na kutia saini makubaliano ya Arusha 1969. Ukifuata uzi huo unapita mikataba ya Lomé 1975 na Cotonou 2000, unafika mkataba wa ubia wa kiuchumi ambao Kenya iliusaini peke yake Desemba 2023. Hiyo ni tasnifu nzima, na imetoka kwenye sentensi moja.

Mikataba na sheria zote ziko bure kwenye EUR-Lex, tovuti ya sheria za Umoja wa Ulaya. Kesi za mahakama ya Luxembourg nazo usome angalau mbili: Van Gend en Loos ya 1963 na Costa dhidi ya ENEL ya 1964. Hii ya pili ilianza na raia wa Italia aliyegoma kulipa bili ndogo ya umeme, ikaishia kuamua kwamba sheria ya Jumuiya iko juu ya sheria ya nchi.

Hatua ya 7: Takwimu, na siku ulizozipakua

Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, ni bure. Kila unapopakua jedwali andika tarehe, kwa sababu takwimu za Ulaya husahihishwa. Mfano mchungu ni Ugiriki: nakisi ya mwaka 2009 ilikuwa imetajwa kuwa chini ya 4% ya pato la taifa; Oktoba serikali mpya ikasema ni zaidi ya 12%; masahihisho ya baadaye yakaivusha 15%. Wanafunzi wawili wanaweza kuandika namba mbili tofauti na wote wasiwe waongo. Tofauti kati ya namba hizo ndiyo iliyoanzisha mgogoro.

Hatua ya 8: Insha

Insha yangu ya kwanza ilikuwa ndefu, tarehe zimepangika kama askari gwarideni. Ilirudi na alama ya kupitia tundu la sindano na maneno mawili pembeni: "Kwa hiyo?" Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaisoma tena, na kweli, nilikuwa nimesimulia Maastricht bila kusema lolote *kuhusu* Maastricht.

Tangu hapo naanza na sentensi moja ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuipinga. "Euro ilianzishwa mwaka 1999" haipingiki, kwa hiyo si hoja. "Euro ilikuwa bei ambayo Ufaransa iliitoza Ujerumani kwa kuungana" inapingika, na wapo wasomi pande zote mbili. Ukishaiandika, mtafute mpinzani wako mkali kuliko wote na umpe aya yake kwa haki, kisha mjibu. Aya ambayo haiisogezi sentensi ile, hata iwe tamu, ifute.

Kuhusu kusoma makala, orodha ya wiki inaweza kuzidi kurasa 100 na hakuna anayezimaliza zote kwa mstari. Soma utangulizi, hitimisho na majedwali, andika hoja ya mwandishi kwa sentensi mbili za Kiswahili, ndipo uamue kama utaingia ndani. Narudia, kwa Kiswahili. Ukiweza kuieleza hoja kwa lugha ya nyumbani umeielewa. Ukishindwa, ulikuwa unanakili tu.

Hatua ya 9: Fungua mdomo

Malezi yetu ya kumsubiri mkubwa amalize yanatugharimu alama, maana semina nyingi huhesabu ushiriki. Adabu pia hubadilika mpakani. Uholanzi na Sweden mhadhiri atakutaka umwite jina lake la kwanza, na mdomo uliozoea shikamoo utakuwa mzito. Ukihamia Ujerumani na uzoefu huohuo utaonekana huna adabu, huko ni Frau Professor mpaka akuambie vingine. Mbinu yangu ilikuwa kwenda na swali moja lililoandikwa na kulisema ndani ya dakika kumi za mwanzo, kabla woga haujapata kiti.

Lugha ya pili ya Ulaya ianze muhula wa kwanza. Kifaransa kinafungua milango mingi zaidi kwenye siasa za Brussels; Kijerumani kwa anayefuata benki na sarafu. Wasomaji wa Bujumbura na Kinshasa hapa mnatuzidi, itumieni faida hiyo.

Hatua ya 10: Tasnifu

Usichague mada kubwa. "Mgogoro wa euro" si mada, ni maktaba. Chagua uamuzi mmoja, chombo kimoja na miezi michache. Kabla hujamwandikia msimamizi, hakikisha vyanzo vipo na vinafunguka. Kumbukumbu za kihistoria za Umoja wa Ulaya zinahifadhiwa Florence, Villa Salviati, na kwa kawaida faili hufunguliwa baada ya miaka 30. Piga hesabu: karatasi za miaka ya Maastricht, zilizokuwa siri wakati vitabu tunavyosomeshwa vinaandikwa, zimeanza kusomeka juzijuzi tu. Za hazina ya Uingereza kuhusu Septemba 1992 zilitolewa mapema zaidi, 2005, zikiwa na makadirio kwamba siku ile iligharimu pauni bilioni 3.3.

Mwandikie msimamizi barua pepe ya mistari sita: swali lako, chanzo utakachotumia, kiko wapi, lugha yake, umesoma nani hadi sasa, na lini unaomba kuonana naye. Usimpe wasifu wako, anao tayari.